Mrejesho: Nilichagua wadudu wa mtoni badala ya samaki

Niliwahi kuuliza iwapo utafiti wangu wa uzamili katika ikolojia ya maji baridi uhusu samaki au wadudu wa sakafu ya mto, na wengi mlinielekeza kwa wadudu, kwa kuwa hawahami mbali na hivyo huakisi hali ya maji ya wiki na miezi iliyopita. Nimefuata ushauri huo, na ninawashukuru kwa dhati.

Kilichonifunza zaidi ni kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nikipima oksijeni mchana pekee, wakati mwani unapoizalisha kwa wingi, ilhali usiku usanisinuru husimama huku viumbe vyote vikiendelea kupumua, hata kiwango kikafika chini kabisa karibu na alfajiri. Vipimo vyangu vilionyesha mto wenye afya, lakini lava (wadudu wachanga) wa Ephemeroptera, kundi la wadudu wanaokulia majini, ambao wengi wao hawavumilii upungufu wa oksijeni, hawakuonekana. Na wadudu ndio waliokuwa wakisema kweli. Imenibidi nirudie msimu mzima kwa kifaa kinachorekodi saa 24, jambo lililoniuma sana. Sasa ninatambua sampuli kwa darubini, familia baada ya familia.