Mapambo ya Noeli toka parseli ya nyumbani: sipre, arumu ao etwali ya Noeli, ipi njo inafaa?

MamaNguba, Bukavu
Jambo sana bandugu. Mwaka huu shirika letu la kanisa limenipa kazi ya kupamba meza ya mbele ya kreshi, ile pango ya Yesu mtoto, na mi nataka nitengeneze na ingine ndogo ya meza ya nyumbani. Maua ya plastiki sitaki tena, tunayapanguza vumbi kila Noeli mpaka rangi imeisha, na feza ya maua ya duka haiko. Dada yangu mwenye anaishi Liège alinitumia picha ya yake. Kule saa hii ni baridi, miti mingi imeangusha majani, kwa hiyo wanachukua vyenye vinabaki kijani, matawi ya sapini, majani ya houx yenye miiba na tunda zake nyekundu, katikati buji (mishumaa), basi. Imenipendeza sana lakini houx nitaitoa wapi mimi. Mu parseli niko na lupango (uzio) ya miti ya sipre upande wa barabara, arumu nyingi, yale maua meupe kama kikombe, kule chini maji ya bafu yanapitia, hortensia mbili za bluu, bugenvilea ya mlangoni, na etwali ya Noeli moja (poinsetia) yenye imekuwa ndefu kunipita, ila ni nyekundu upande mmoja tu, ule mwingine wa barabarani ni kijani tupu, sijui iko na ugonjwa gani.

Niko nawaza njia tatu: sipre na buji, ao arumu na hortensia, ao ile etwali. Ipi inaweza kutoka tarehe 23 ikafika Mwaka Mpya bila kunipa haya mbele ya bamama?

PapaSipre, Bukavu
Sipre bila kufikiri mara mbili mama. Ukiiweka mu maji inapita wiki mbili bado kijani, na ile harufu yake mu nyumba ukiingia tu unajua ni Noeli. Kata zile ncha za kijani peke yake, usiingie ndani penye ni mbao kavu, juu sipre ukiikata pale hairudishe majani, utabaki na tundu mu lupango mpaka watoto wako waoe.

DadaBagira, Bukavu
Papa samahani lakini mi nikiona sipre peke yake nawaza makaburi 😅 Na tena sipre na buji pamoja hapana!! Ikikauka inashika moto kama karatasi, iko na mafuta ndani. Kama lazima buji, iweke mu bilauri ndefu na mbali na matawi, ao weka zile za betri.

Mi naenda na arumu. Mama arumu usiikate na kisu, shika chini kabisa uvute, inatoka yote na mguu wake mrefu, asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Chini ule mguu unapasuka mu maji na kujikunja kama nywele, kwa hiyo funga uzi ao skochi pale mwisho. Na maji weka kidogo, vidole viwili vitatu, juu arumu ni laini, ukijaza chombo inaoza toka chini na kunuka. Mi zangu zilinikalia siku nane nikibadilisha maji kila siku mbili. Angalia tu watoto wasitie mu kinywa, utomvu wake unachoma ulimi sana.

Hortensia sasa njo shida. Asubuhi iko kama malkia, mchana imeinamisha kichwa. Ukiona vile usiitupe, izamishe yote kichwa na majani mu beseni ya maji baridi saa moja ao mbili, inaamka, hata mi sikuamini mara ya kwanza. Ile inakunywa na maua yake yenyewe.

PapaSipre
Makaburi ni wapi, na arumu tunapeleka wapi kila siku kama haiko makaburini? Tuko sawa dada.

DadaBagira
😂😂 nimeshindwa

Lushois_wa_Kampemba, Lubumbashi
Bonjuru ba Kivu. Ile etwali ya mama haina ugonjwa. Swali moja: kule barabarani hakuna lampe?

MamaNguba
Iko! Jirani ng'ambo aliweka lampe kubwa ya kufukuza wezi. Umejua aje??

Lushois_wa_Kampemba
Njo ile. Ule mti unahesabu usiku. Ile nyekundu haina maua, ni majani, maua yenyewe ni vile vidogo vya njano katikati, na yale majani yanageuka nyekundu kama usiku ni mrefu na giza ni la kweli. Wenye wanalima za kuuza wanazipa giza saa 14 hivi kila siku, wiki nane ao zaidi, na lampe kidogo tu usiku inavuruga kila kitu. Upande wa lampe kwako mti unazani bado ni mchana. Apa kwetu Lubumbashi ni kichekesho, juu usiku mrefu tunaupata mwezi wa 6 na wa 7 wakati wa baridi yetu, pale njo etwali zinakuwa nyekundu mu mji, Noeli ikifika ni kijani, ni flamboyanti, ule mti wa maua mekundu, njo imewaka. Na flamboyanti usijaribu kuikata, unafika nayo nyumbani petali zote zimebaki mu njia. Kwenu Bukavu usiku na mchana vinakaribiana mwaka mzima, kwa hiyo mti unafanya vile unataka.

Kwa mwaka huu umechelewa. Ila kata kijiti, panda mu chungu, mwaka ujao toka mwezi wa 10 uwe unakifunika na karto saa 11 jioni, unatoa saa 1 asubuhi. Usisahau hata siku moja.

MamaNguba
Kumbe! Mwaka jana ile lampe iliungua, haikuwaka miezi mizima na mti ulikuwa mwekundu wote, mi nikasema ni mbolea ya kuku 🤦🏾‍♀️ Sasa ule upande mwekundu siwezi kuukata hata matawi manne?

Lushois_wa_Kampemba
Unaweza, lakini inatoa maziwa na inalegea haraka. Ukikata tu, pitisha mwisho kwa moto sekunde kumi hivi, ao uuchovye mu maji moto, maziwa yafunge, kisha maji baridi. Vaa gan ku mikono, ile maziwa inawasha ngozi.

WaHimbi, Goma
Munasahau kitu cha chini, na njo kinaangushaga mapambo yote. Ile musi ya kijani ya bafloristi, ile sponji ya kuchomeka maua, ni plastiki, unaitumia mara moja inakatika vipande vipande, na bei yake tuache. Mi natumia mawe ya volkano, hapa hatuna kingine 😁 yale mepesi yenye matundu. Unayapanga mu sahani ya kina na waya ya kuku umeikunja kama mpira juu yake, unaingiza miguu ya matawi, haisogei hata mtoto apige meza. Bugenvilea achana nayo, ikikatwa inakauka siku hiyo hiyo na miiba juu.

Na kwa nini hakuna mwenye amesema grevilea? Majani yake chini ni ya feza, ukiyageuza mengine juu mengine chini, usiku na buji za betri utazani ni barafu ya Liège. Hata yakikauka yanabaki na sura. Tunda nyekundu za houx weka matawi ya pilipili yenye imeiva.

DadaBagira
Pilipili kwa kreshi, na watoto wa shirika vile wanashikaga kila kitu kisha wanapanguza macho? Wewe hauna watoto.

WaHimbi
Niko nao watatu. Weka katikati penye mikono haifike.

MamaNguba
Nimejaribu leo. Sipre kidogo pembeni, papa usikasirike, arumu saba katikati, etwali matawi manne nimeyapitisha kwa moto vile ulisema, mpaka sasa saa kumi na mbili yamesimama. Hortensia moja imeamka mu beseni, ingine imekataa. Pilipili nitaweka kwa meza ya nyumbani tu. Mawe nimepata, shemeji anarudi na boti toka Goma kesho.

Grevilea sina, nimeenda kuomba kwa jirani wa ile lampe. Amekubali nikate, lakini anataka arumu tano za meza yake, na nimemuomba azime lampe toka mwezi wa 10 mwakani. Ameniangalia tu.