Naomba ushauri: fundi ndege mwenye leseni ya TCAA, nataka kwenda kufanya kazi Uarabuni

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi ndege hapa Dar, leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) ninayo, miaka 7 kazini, mwanzo nilikuwa kwenye Cessna Caravan na hii 3 ya mwisho niko Dash 8 Q400 ambayo nina taipu retingi yake (idhini ya kuhudumia aina hiyo ya ndege). Nataka kwenda Dubai au Doha ila kila tangazo nikifungua wanataka EASA Part-66 B1.1 (leseni ya ufundi ndege ya Ulaya) na taipu ya A320 au Boeing 737, hapo ndo nakwama.

Nimeshaanza moduli za EASA (mitihani ya masomo ya hiyo leseni) mwenyewe, nimefaulu 4, nasoma usiku nikitoka shifti mikono bado inanuka grisi. Najua zinadumu miaka 10 lakini hela ya kila pepa jamani inauma, na nina mtoto ndo kaanza la kwanza. Logibuku yangu iko vizuri, kila kazi ina saini. Kuna wakala alitaka nimtumie milioni 3 eti atanipeleka, nikaachana naye.

Sasa naombeni kwa mliopita njia hii: nimalize moduli zote nikiwa hapahapa, au nikubali kwenda kama makanika tu asiye na ruhusa ya kusaini ndege, nimalizie hukohuko? Na hiyo taipu ya A320 mlijilipia wenyewe au mwajiri ndo aliwapeleka kozi?

Hata PM karibuni, natanguliza shukrani.