Naomba ushauri: fremu za fokasi nilizopiga Bujuku haziungani vizuri

Dirisha la Kabarole aliandika:

Ndugu zangu, salaam. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limeninyima raha tangu niliposhuka mlimani mwezi uliopita. Ninaishi Fort Portal, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipiga picha za mandhari kwa kamera ndogo za kawaida. Mwaka huu nilinunua Fujifilm GFX 50S II iliyokwisha kutumika, pamoja na lenzi yake ya milimeta 35 hadi 70, kwa sababu mwenye nyumba moja ya wageni aliniagiza picha ya Rwenzori yenye upana wa meta 2, ya kutundikwa kwenye ukuta wa mapokezi.

Nilipanda hadi bonde la Bujuku, karibu meta 3,900 kutoka usawa wa bahari, nikakipata nilichokifuata: lobelia kubwa mbele, sentimeta 60 tu kutoka kwenye lenzi, misenesio (mimea mikubwa ya milimani) katikati, na nyuma yake Mlima Baker uliojifunua bila wingu kwa muda wa dakika ishirini hivi. Nilijua kwamba sensa ya midiamu fomati, yaani sensa kubwa kuliko za kamera za kawaida, ambayo kwa kamera hii ni milimeta 43.8 kwa 32.9, haitoi kina kirefu cha ukali kwa fremu moja, hivyo niliamua kurundika fokasi, yaani kupiga fremu kadhaa zilizolengwa umbali tofauti na kuziunganisha ziwe picha moja. Nilipiga fremu 10 kwa tundu la f/11 (namba hiyo ikikua, tundu la lenzi huwa dogo zaidi), lenzi ikiwa kwenye milimeta 35, nikianzia kwenye lobelia na kumalizia mlimani.

Nilipoziunganisha nyumbani yalijitokeza matatizo mawili. La kwanza ni uzingo uliofifia, kama moshi, unaolizunguka ua la lobelia kila mahali linapokutana na mlima. La pili ni kwamba vitu vingine vimejitokeza mara mbili, kimoja kikiwa kivuli cha kingine. Nimejaribu Helicon Focus, Zerene Stacker na hata Photoshop. Uzingo unabadilika sura tu, hauondoki. Je, niachane na mrundiko nipige fremu moja kwa f/22? Nitafute programu nyingine? Au lenzi hii haifai?

Ukungu wa Sipi alijibu:

Pole, dada. Kabla hatujakutuma dukani, tueleze kwanza: miguu ya tripodi ilisimama juu ya nini? Fokasi uliihamisha wewe kwa mkono au iliihamisha kamera? Kidhibiti cha mtikisiko kilizimwa? Na mgeni atakayeitazama picha hiyo atasimama umbali gani nayo?

Dirisha la Kabarole alijibu:

Asante kwa maswali. Tripodi ilisimama kwenye kinamasi, maana pale hakuna ardhi nyingine ya kusema. Fokasi ilihamishwa na kamera yenyewe baada ya mimi kuionyesha mwanzo na mwisho. Kidhibiti nilikizima. Mbele ya ukuta huo kuna meza ya mapokezi, kwa hiyo hakuna atakayeisogelea picha kwa chini ya meta 3.

Hesabu za Lenzi alijibu:

Dada, hilo jibu lako la mwisho ndilo lenye nafuu kubwa kuliko programu yoyote, na nitakueleza kwa nini.

Nadhani kamera yako ilipanga fremu kwa kipimo kikali, yaani kwamba nukta iliyofifia isizidi milimeta 0.01 kwenye sensa. Kwa lenzi ya milimeta 35 na tundu la f/11, kipimo hicho kinakupa umbali wa haipafokali wa meta 11 hivi: ukilenga hapo, kila kitu kuanzia meta 5.5 hadi upeo wa macho kitakuwa kikali. Fremu inayofuata unalenga theluthi ya umbali huo, kisha sehemu ya tano, ya saba, ya tisa, na kuendelea hivyo kwa namba witiri, na kila fremu inaanzia pale ile nyingine ilipoishia. Ukihesabu hivyo hadi sentimeta 60 utafika kwenye fremu 10, sawasawa na ulizopiga.

Sasa rudi kwenye ukuta. Ukiikuza sensa ya milimeta 43.8 hadi meta 2, umeikuza mara 46 hivi. Jicho zima la binadamu, kwa umbali wa meta 3, hushindwa kutenganisha vitu vilivyokaribiana kwa chini ya milimeta 0.9. Ukigawa 0.9 kwa 46 utapata karibu 0.02. Maana yake ni kwamba kipimo chako kinaweza kulegezwa maradufu bila mgeni yeyote kugundua. Umbali wa haipafokali unashuka hadi meta 5.6, na fremu 10 zinakuwa 5. Kila fremu unayoipunguza ni nafasi moja ndogo zaidi ya upepo, wingu au mtikisiko kukuharibia kazi.

Kuhusu uzingo, usiilaumu programu. Katika fremu iliyolengwa mlimani, lobelia iliyo sentimeta 60 mbele yako imefifia na kuvimba, na ule uvimbe wake unaifunika sehemu ya mlima iliyo kandokando yake. Katika fremu iliyolengwa kwenye lobelia, sehemu hiyohiyo ya mlima ipo lakini haina ukali. Kwa hiyo hakuna fremu hata moja yenye mlima mkali palepale ukingoni mwa ua, na programu haiwezi kuunganisha kitu ambacho hakikupigwa. Kwa vipimo vyako, duara la ufifio huo lina upana wa karibu milimeta 0.17 kwenye sensa, ambao ukutani ni kama milimeta 8. Nusu yake inajitokeza nje ya ukingo wa ua, na ndiyo moshi unaouona.

Dawa yake ni kurudi nyuma. Ukisimama meta 1.2 kutoka kwenye lobelia badala ya sentimeta 60, uvimbe unapungua hadi chini ya nusu, na fremu zinazohitajika ni 3 tu: moja kwenye meta 5.6, ya pili kwenye meta 1.9, na ya tatu kwenye meta 1.1. Lobelia itaonekana ndogo zaidi, ni kweli, lakini lenzi yako inafika milimeta 70. Unaweza kuikaza kidogo, ukikumbuka kwamba kila unapoongeza urefu wa lenzi hesabu inaanza upya.

Kuhusu f/22 kwa fremu moja, sikushauri. Nuru inapobanwa kwenye tundu dogo hutawanyika, jambo linaloitwa difraksheni, na kwa f/22 kila nukta inasambaa hadi kama milimeta 0.03, yaani imekwisha kuvuka kile kipimo cha 0.02 tulichokilegeza kwa hiari yetu. Utaipoteza picha nzima, mlima pamoja na ua, na lobelia ya sentimeta 60 bado haitakuwa kali.

Mtoto wa Nyakalengija alijibu:

Mimi si mtaalamu wa lenzi, lakini nimewasindikiza wageni wengi njia hiyo ya Bujuku, wengine wakiwa na kamera kubwa kama jiwe la kusagia. Ninachokijua ni ile ardhi. Juu ni majani na matope yaliyoshikana, chini yake ni maji, na ukihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, ardhi iliyo chini ya mguu wa tripodi nayo inahama. Mtu akipita meta tatu kutoka kwako, kamera inayumba. Dada ametuambia kwamba vitu vimejitokeza mara mbili. Je, ni majani peke yake, au na mawe pia? Jani linasukumwa na upepo, lakini jiwe halisukumwi. Ukiona jiwe limehama kati ya fremu mbili, fahamu kwamba aliyehama ni wewe.

Tunachowashauri wageni ni kuisukuma miguu ya tripodi chini bila huruma mpaka igome, au kuitafutia mwamba hata kama mwamba huo unaiharibu kidogo picha uliyoikusudia. Ukikosa mwamba, weka vipande vya mbao chini ya miguu, vyenye upana wa kiganja, na uwaombe wapagazi wakupe dakika moja ya kutotembea. Wewe mwenyewe ukishabonyeza usiinue hata kisigino. Na yale madaraja ya mbao ya kinamasi cha Bigo yanawadanganya wengi: yanaonekana imara, kumbe yanapiga bembea kila anapokanyaga mtu.

Mzee wa Filamu alijibu:

Wanangu, mnahesabu vizuri, lakini mimi niliyezoea Pentax 67 na roli zake za filamu naona mnazunguka mlima ambao una njia ya mkato. Tafuteni lenzi inayoinama. Ukiinamisha lenzi, bapa la ukali, yaani ule ubapa ambao vitu vilivyo juu yake huonekana vikali, nalo linalala, na unaweza kulilaza kuanzia miguuni mwako hadi upeo wa macho kwa fremu moja, bila kompyuta yoyote. Kanuni hiyo inabeba jina la Scheimpflug, na siku hizi Fujifilm wenyewe wana lenzi ya milimeta 30 ya namna hiyo kwa kamera kama ya huyu binti.

Tena kumbukeni kwamba mpiga picha Mwitalia Vittorio Sella alizipiga picha za Rwenzori mwaka 1906, akiwa katika msafara wa Duki wa Abruzzi, na hakuwa na mrundiko wa aina yoyote. Kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Luigi di Savoia, mmoja wa milima ya Rwenzori, kina jina lake hadi leo.

Hesabu za Lenzi alijibu:

Shikamoo, Mzee. Kwa yungiyungi za Ziwa Bunyonyi, ambako maji yamelala kama meza na vilima viko mbali, ningekubaliana nawe bila kubisha, kwa sababu vitu vyote muhimu viko karibu na bapa moja. Lakini lobelia ya Rwenzori imesimama wima, mara nyingi kumpita mtu kwa kimo. Ukililaza bapa la ukali, shina litakuwa kali na kilele cha ua kitafifia, na ua ndilo lililomfikisha dada huko juu. Sella nampa heshima yake yote, ila yeye hakuagizwa lobelia ya sentimeta 60.

Ukungu wa Sipi alijibu:

Nitaongeza mambo mawili kutoka Elgon, ambako upepo na mvuke wa maporomoko hautuachi. Hapa kwetu karibu na Ikweta jua hupanda wima na rangi ya alfajiri haikai, kwa hiyo funga kila kitu kwa mkono kabla ya kuanza: shata, tundu, ISO (wepesi wa sensa kupokea nuru) na mizani ya rangi nyeupe. Kisha anza na fremu ya karibu, upepo ukiwa umetulia, kwa kuwa mlima hautikisiki na unaweza kungoja. Pili, hakikisha kompyuta yako ina nafasi: fremu moja ya megapikseli 51 ikigeuzwa kuwa TIFF ya biti 16, yaani faili ya picha isiyobanwa, ni kama megabaiti 307, na 10 ni gigabaiti 3 kabla hujaunganisha chochote.

Na uache nafasi pembezoni mwa picha. Lenzi inapohamisha fokasi, ukubwa wa picha hubadilika kidogo, na programu itakata kingo ili kuzilinganisha.

Dirisha la Kabarole alijibu:

Ndugu zangu, nawashukuru, na Mzee, shikamoo. Jana usiku nilizifungua fremu zote 10 moja baada ya nyingine, nikalitazama jiwe moja jeupe lililo chini ya msenesio. Kuanzia fremu ya 1 hadi ya 4 jiwe halijasogea. Kati ya 4 na 5 limeruka pikseli 11 kwenda kushoto, na kati ya 7 na 8 limerudi nusu ya safari hiyo. Nakumbuka kwamba nilikuwa nikigeuka kulitazama wingu lililokuwa likija kutoka upande wa Mlima Stanley.

Nimejaribu kuokoa fremu 4 za mwanzo pamoja na ya mwisho, nikaziunganisha kwa maski za mkono, yaani kwa kuchagua mwenyewe sehemu ya kila fremu itakayoonekana. Mawe sasa ni mamoja, lakini moshi wa uani umebaki, kama nilivyoelezwa. Nimemwomba mwenye nyumba ya wageni anisubiri hadi Januari, mvua zikipungua, naye amekubali. Fundi seremala wa jirani ananikatia vipande vitatu vya mbao vyenye upana wa kiganja, na nimemwomba atoboe katikati ili ncha za tripodi zisiteleze.