Yule bwana wa mizani wa kile kiwanja cha msituni, Mungu anakuona!

Shangazi wa Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Yangu mbaya. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa mabasi, huu unajitegemea.

Niko Kindu huku Kongo, kibarazani kwenye nyumba ya wageni, mkono unatetemeka, neno moja naliandika mara tatu. Mliowahi kupita kile kiwanja cha ndege cha huko ndani mkoa wa Maniema, chenye udongo mwekundu na kibanda cha mabati, bwana wa mizani mnamjua. Simtaji. Yule wa kalamu sikioni, mwenye sauti ya mwadhini aliyepewa spika mpya.

Nilikwenda kumwona mdogo wangu, kajifungua. Siku tisa mvua juu ya mvua, msitu mtupu, miti mirefu hadi ukiitazama kilemba kinadondoka. Barabara ipo kwenye ramani tu, pikipiki zinazama hadi usukani. Kwa hiyo ni ndege, ile ndogo ya viti 19. Ilikuwa ije Jumatatu, ikaja Alhamisi, na kabla haijatua kijana wa bodaboda akatumwa kufukuza mbuzi njiani. Hayo yote nilivumilia. Meza ya kadi ya njano, ile ya chanjo, nikalipa. Meza ya uhamiaji nikalipa. Go-pass, ile kodi ya kiwanja cha ndege, nikalipa. Kuna na meza moja ambayo mpaka sasa sijui ilikuwa ya nini, mwenyewe aliniomba "kitu ya sukari" tu. Nilikaa kimya kama maiti.

Kisha mizani. Ile ya magunia, ya chuma, ya kusukuma jiwe. Aliyenitangulia kupimwa ni gunia la mpunga, na makapi yake bado yalikuwa pale juu. Begi langu likapimwa, sawa. Nageuka niondoke, nasikia: "Mama, na weye panda."

Nikapanda. Mkoba begani, dumu la mawese la lita 5 mkononi, kuku wawili kwapani. Akasukuma jiwe. Akasukuma tena. Akaongeza jingine. Kiwanja kizima kimya, hata mbuzi waliofukuzwa walirudi kuangalia. Na bwana huyu, badala ya kuandika kwenye daftari lake kama mtu aliyezaliwa na mwanamke, akapaaza:

"MAMA KITENGE YA NJANO, MIA MOJA NA INE!"

Ine ya kwao ndiyo nne yetu. Mbele ya askari. Mbele ya mchungaji. Mbele ya watoto wa karanga, na watoto wa karanga wakapiga makofi. Mume wangu tumeishi miaka 22 hajui kilo zangu! Nesi wa kliniki huniandikia kwenye kadi bila kutamka! Leo msitu mzima wa Kongo unajua, na kasuku wenye mkia mwekundu wako huko wanajifunza kusema mia moja na ine.

Nikamwambia, kaka, nina dumu, nina kuku. Akasema dumu na kuku havina tiketi, "yote ni weye." Kisha akamgeukia mwenzake: "Mama Mia na Ine akae mu katikati ya ndeke." Ndiyo jina langu sasa. Mzee niliyekaa naye, mtu wa heshima zake, tulipotua alinishika mkono akaniambia safari njema Mama Mia na Ine.

Alivyoivuta ile "ineeee", wakuu. Naomba kujua, haya mambo hushtakiwa wapi?

Fundi Masafa

Bibie, kwenye ndege ndogo uzito ndio uhai. Udongo ukilowa ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi ndipo inyanyuke, na joto la huko linaipunguzia nguvu. Rubani lazima ajue kilo ngapi zimekaa wapi. Mwaka 2010 pale Bandundu, huko huko Kongo, ndege ndogo aina ya Let ilianguka, wakafa 20, akapona mmoja. Huyo aliyepona alisimulia kwamba mamba alichomoka kwenye begi la abiria, watu wakakimbilia mbele, ndege ikalalia pua. Kukalishwa katikati si tusi.

Shangazi wa Ujiji

Sijauliza hesabu za ndege. Nimeuliza kwa nini hakunong'ona.

Bamia Kavu

Mamba mzima kwenye begi na mizani haikumwona, ila Shangazi kaonekana.

Karani Mstaafu

Tusaidiane hapa. Mawese lita 5 ni kama kilo nne na nusu. Kuku wa kienyeji wawili tuseme kilo tatu. Mkoba wa mwanamke tumpe kilo tatu. Tunabaki na tisini na tatu na nusu. Mwenye mizani hana kesi.

Shangazi wa Ujiji

Mkoba ulikuwa na mchi ndani! Mchi wa mpingo!

Karani Mstaafu

Mchi wa mpingo nakupa kilo mbili. Tisini na moja na nusu.

Mwana Lualaba

Dada wa Tanzania, pole sana. Ule papa tunamujua shiye wote. Miye alinipimaka na mutoto ku mugongo, akasema mutoto ananenepa, mama ndiye anakonda, watu bote bakacheka. Lakini weye, ile kitu ya sukari ulimupa? Kama haukumupa, njo ile sauti.

Shangazi wa Ujiji

Kumbe mtu wa sukari na mtu wa mizani ni ndugu??

Mwana Lualaba

Mutu na shemeji yake.

Mjukuu wa Msafara

Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa zamani, katoka pwani hadi Kasongo huko Maniema kwa miguu, hakufungua uzi. Wewe umekalishwa kwenye kiti, umepaa juu ya tope, unalia na mizani.

Bamia Kavu

Tippu Tip pembe zake zilibebwa na watu, mkuu. Hao ndio wangefungua uzi.

Binti Mzuka

Uzi bila picha nakataa. Leta picha ya kitenge. Halafu kuku walifika?

Shangazi wa Ujiji

Mmoja. Wa pili yule bwana wa mizani alisema ni kilo za ziada, kuku akabaki kwake. Risiti sikupewa.

Binti Mzuka

Sasa hapo ndipo penye uzi! Ungeanza na kuku, bibie, tungekuwa na wewe tangu mwanzo.

Dereva wa Usiku

Kilo si kitu. Mimi huko huko dola 50 yangu ilikataliwa, ina kitundu cha sindano ambacho mpaka uinyanyue juani. Nimelala siku mbili na pesa mfukoni, nakula ndizi ya kukopa.

Fundi Masafa

Afadhali yako tundu. Yangu nzima, wakasema mzee wa kwenye picha amekunjamana.

Bamia Kavu

Yule si amezaliwa amekunjamana?

Karani Mstaafu

Noti ya mwaka wa nyuma sana hawaitaki hata ikiwa nzima. Na iliyochanika pembeni hata punje ya mchele, rudi nayo kwenu. Nimerudi nazo tatu.

Dereva wa Usiku

Kuna mtu Kigoma anazichukua hizo?

Mnunuzi 77

Nachukua kwa punguzo. Njoo PM.

Shangazi wa Ujiji

Jamani turudi kwenye mada. Mia moja na ine, mbele ya mchungaji...

Karani Mstaafu

Subiri kidogo, Mama Mia na Ine. Mnunuzi, ya 2006 ina alama ya muhuri mgongoni, unaipokea kwa ngapi?