Samaki wanapumulia juu baada ya kubadilisha maji: tatizo ni bomba au filta?

Nyegezi120
Wakuu, habari za jioni. Tangi ni lita 120, samaki wa dhahabu 4 wa urefu wa kidole, filta ya sponji ya ndani yenye pampu ya lita 500 kwa saa. Jumamosi nilitoa nusu ya maji nikajaza ya bomba moja kwa moja na mpira. Sponji ilikuwa imeziba, nikaiosha bombani mpaka ikatakata. Usiku huohuo mmoja akafa. Leo Jumanne maji ni meupe kama ya kuoshea mchele na watatu waliobaki wanapumulia juu. Jirani anasema nichote ya Ziwa Victoria, ndiyo asili yao. Mwingine anasema nitie shabu. Nianze na lipi?

Furu_wa_Ghuba
Hapo kuna makosa mawili, usiyachanganye. Aliyekufa usiku wa kwanza, mshuku klorini. Inaunguza mashavu wanayopumulia ndani ya dakika au saa chache, haingoji siku ya tatu. Hawa wa leo wanasumbuliwa na amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wao wenyewe. Sponji si chujio la taka tu. Ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo haina madhara makubwa. Ulipoiosha kwa maji yenye klorini uliwaua. Weupe unaouona ni bakteria wengine wanaozaliana ovyo, na wanawanyang'anya samaki hewa.

Leo usilishe, na usilishe siku 3 au 4. Badilisha lita 40 kila siku kwa maji yaliyotolewa klorini. Weka jiwe la hewa, lile la pampu linalotoa mapovu. Chumvi ya kawaida gramu 120 kwa tangi lako, yaani gramu 1 kwa lita: iyeyushe pembeni, itie kwa awamu tatu ndani ya siku moja. Inazuia naitraiti isiingie kwenye damu, amonia haiigusi. Ukibadilisha lita 40, rudisha gramu 40, si 120.

Ukipata sponji chafu kutoka tangi la mwenzako lenye afya, ikamulie ndani ya tangi lako, uchafu wote, na pampu iwe inanyonya. Inapendeza? Hapana. Lakini inapunguza sana zile wiki 4 hadi 6 za kusubiri bakteria wapya.

Sponji_Chafu
Samaki wa dhahabu asili yake China, si Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo hoja ya jirani imeanguka hapo. Hata ungekuwa na furu, samaki wadogo wa ziwa letu, ningekukataza kuchota ufukweni. Ziwa likiwa na ule utando wa kijani, wimbi likiusukuma pwani, mwani wake unaweza kuwa na sumu, na kuuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Ongeza vimelea vya samaki, na wewe mwenyewe kusimama majini na kichocho.

Shabu nayo iache. Inakusanya tope likazama, kweli, ila inashusha pH (kipimo cha ukali wa asidi: ikishuka, maji yamechachuka), na maji ya ziwa letu ni laini, hayana chokaa ya kutosha kuizuia isiporomoke. Weupe wako si tope, ni viumbe hai. Utaondoka wenyewe bakteria wa filta wakirudi.

Pasiansi_K
Niongeze kuhusu klorini, maana wengi husema "yalaze maji siku moja". Yalaze kwenye beseni pana, wazi, yenye jiwe la hewa: saa 24 zinatosha kwa kawaida. Kwenye simtanki lenye kifuniko klorini haina pa kwenda, unaweza kuikuta kesho yake.

Njia ya uhakika ni sodiamu thayosalfeti, inauzwa maduka ya kemikali za maabara. Gramu 14 za chengachenga kwenye lita 1 ya maji safi, chupa isiyopitisha mwanga. Kisha mililita 1 kwa kila lita ya maji ya bomba. Lita 40 ni mililita 40. Kipimo hicho kinamaliza klorini hadi miligramu 2 kwa lita. Koroga kwenye ndoo, subiri dakika 5, ndipo umimine. Usimimine bomba kwanza na dawa baadaye.

Nyegezi120
Asanteni sana. Sponji sasa nitaosha vipi? Na umeme ukikatika?

Furu_wa_Ghuba
Chota lita 5 za tangi lenyewe kwenye ndoo, ikamue mara tatu nne, basi. Ibaki ya kahawia. Ikiwa nyeupe umeiua tena. Usiioshe siku ileile ya kubadilisha maji, na ukiweza tumia sponji mbili, uoshe moja moja.

Umeme ukikatika, sponji iliyo wazi ndani ya tangi huvumilia kuliko filta ya mtungi, ile iliyofungwa inayokaa nje ya tangi. Mle hewa huisha na maji huoza. Ukikaa gizani saa nyingi na mtungi, mwaga maji yaliyomo kabla ya kuwasha, la sivyo unawapiga samaki sumu yote mara moja. Kapampu ka hewa ka betri kanamaliza kesi.

Sponji_Chafu
Miezi ikipita, pima pH. Bakteria wanakula ile chokaa kidogo iliyopo. Ikishuka chini ya 6.5, makombe ya konokono wa ziwani, yachemshe, yaponde, konzi moja kwenye soksi karibu na filta.

Nyegezi120
Thayosalfeti naifuata mjini kesho asubuhi. Lita 40 za leo ziko kwenye beseni zinapigwa hewa.

Pasiansi_K
Zipe mpaka kesho jioni. Na usifunike.