Naomba ushauri: molasesi inaweza kuchukua nafasi ya jiwe la kulamba?

Wakuu, habari za kazi. Nipo Chamwino, nina ng'ombe chotara wawili wa maziwa. Majani yamekwisha, nawakatia mabua ya mtama na kuyanyunyizia molasesi (maji mazito meusi yanayobaki kiwandani sukari ikitolewa) iliyozimuliwa kwa maji. Wanakula mpaka wanalamba hori. Nimepata jedwali la Ulaya linaloonyesha molasesi imejaa madini, nikawaza kuacha kununua jiwe la madini la kulamba. Ila mmoja ameanza kuokota mifupa uani na kuitafuna, ukimnyang'anya anakufuata. Nifanyeje?

Mfugaji wa Mpwapwa:
Jiwe usiache, mkuu. Molasesi ya kwenye jedwali hilo ni ya miwa au ya viazi sukari, ndugu zake bitiruti? Ulaya wanalima viazi sukari. Yetu ya viwanda vya Kilombero, Mtibwa na TPC ni ya miwa. Ya viazi sukari ina sodiamu nyingi kuliko yetu, lakini kalisi yetu inaizidi mara kadhaa. Zote mbili zina potasiamu nyingi, kama gramu 40 au zaidi kwa kilo ya kitu kikavu (ukiondoa maji). Fosforasi ni kama gramu 1 tu, au pungufu.

Fundi wa Sukari:
Hayo yanaanzia kiwandani. Juisi husafishwa kwa chokaa, na fosforasi nyingi hunaswa humo ikatoka na tope la chujio. Kwenye viazi sukari hupulizwa pia hewa ya kaboni dioksidi, chokaa inaganda na kutolewa, ndiyo maana kalisi inabaki kidogo. Potasiamu haigandi, inabaki kwenye maji meusi wakati sukari inatolewa.

Mama Mifugo:
Huyo wa mifupa ana njaa ya fosforasi, na mabua nayo hayana ya maana. Mpe pumba, mashudu ya alizeti (Dodoma tumejaliwa) na DCP (unga wa madini wenye kalisi na fosforasi) ya duka la mifugo. Mifupa fukia yote leo, ya mzoga inaweza kuwa na sumu ya kupoozesha. Ana mimba?

Mwenye uzi:
Ndiyo dada, mwezi wa nane unaisha.

Mama Mifugo:
Basi huyo molasesi mpunguzie kabisa mpaka azae. Potasiamu nyingi siku za mwisho humzuia kuchota kalisi kwenye mifupa yake, akizaa anaweza kuanguka na kushindwa kuinuka. Mwambie daktari wa mifugo wa kata mapema, awe na kalisi ya kumchoma. Mwenzake mwendelezee kidogo kidogo.