Modeli yangu ya ionosfia ya Titan inatoa elektroni mara mbili ya zilizopimwa. Nimekosea wapi?

Kokotoa: Wakuu, naombeni msaada. Wiki ya tatu sasa nahangaika na ionosfia (tabaka la juu la angahewa lenye ayoni, yaani chembe zenye chaji, na elektroni huru) ya Titan, ule mwezi mkubwa wa Zohali. Modeli ni ya wima tu: naitrojeni nyingi, methani kidogo, miale ya urujuanimno ya Jua inazipiga, ayoni zinazaliwa, kisha zinaungana na elektroni na kupotea. Kilele kinakaa panapotakiwa, kama kilomita 1,100 juu ya uso. Tatizo ni elektroni za upande wa mchana: zinatoka maradufu ya zile kilizopima chombo cha anga cha Cassini. Nafikiria kuongeza kasi ya muungano mpaka mstari ulingane na vipimo. Inaruhusiwa?

Kipeuo: Usiguse hapo, mkuu. Uzalishaji na upotevu vikilingana, idadi ya elektroni inafuata kipeuo cha pili cha uzalishaji ukiugawanya kwa kasi ya muungano. Kuipunguza kwa nusu, kasi ya muungano lazima ipande mara nne. Mara nne! Hiyo siyo marekebisho, ni kulazimisha jibu. Umeishia ayoni gani? Na joto la elektroni umeweka ngapi?

Kokotoa: Naanza na N2+, inagonga methani napata CH3+, halafu C2H5+, naishia HCNH+. Joto nimeweka sawa na la gesi, kelvini 150.

Kipeuo: Aisee. Elektroni za huko zina joto la mamia ya kelvini, gesi ni baridi. Ukirekebisha, muungano utapungua na ziada yako itakua. Jiandae kisaikolojia.

Mzee wa Miale: Kijana, angalia pia umbo. Titan ina nusu kipenyo cha kilomita 2,575 na ionosfia yake iko zaidi ya elfu moja juu. Matabaka bapa yatakudanganya Jua likikaribia upeo. Tumia matabaka ya duara. Na data zako za jinsi naitrojeni inavyofyonza mwanga wa kati ya nanomita 80 na 100 ziwe za kina, kwa sababu mwanga hupenya kwenye mianya humo na kuivua methani elektroni kule chini.

Bi Plazma: Ndugu yangu, hiyo ziada si yako peke yako. Modeli za watafiti wenyewe zimewahi kutoa elektroni nyingi mno karibu na kilele. HCNH+ kweli ndiyo inayoongoza kwa wingi, ila mnyororo hauishii hapo: zipo ayoni nzito za kaboni, na kwa kawaida hizo humeza elektroni haraka zaidi. Ukishuka karibu na kilomita 1,000 kuna ayoni hasi nzito ajabu, nazo zimeshika elektroni. Halafu usilinganishe na wastani. Cassini iliipitia Titan mara 127 kati ya 2004 na 2017. Chagua pito moja, weka pembe ya Jua ya siku hiyo.

Kokotoa: Nimeweka kelvini 500. Ziada imetoka mara mbili, sasa inakaribia mara tatu 😩. Kipeuo ulisema. Naingiza ayoni nzito usiku huu.